Milimita Kumi za Kibonyezo

Kibonyezo cha piano hushuka milimita kumi hivi, kisha hugota. Safari hiyo huisha kabla jicho halijapepesa, na humo ndimo ulimo ufundi ninaotaka kuusifu hapa. Wanaopanga kurekodi bendi yao nyumbani huuliza kwanza kinanda kina sauti ngapi, kina midundo mingapi, kioo chake kinaonyesha nini. Maswali hayo yana wakati wake. Lakini sauti za kinanda hubadilishwa kwa programu, midundo yake hufutwa mpiga ngoma akaingia, na kioo hakisikiki kwenye rekodi. Kinachobaki ni jinsi vibonyezo vilivyoupokea mkono wa mpigaji, na hicho hakirekebishiki kirahisi siku ya kuchanganya sauti.

Aliyetufungulia mambo haya ni Bartolomeo Cristofori, fundi wa Padua aliyeajiriwa na Ferdinando de' Medici huko Florence kutunza vyombo vyake vya muziki. Orodha ya mali za nyumba hiyo ya mwaka 1700 inakitaja chombo chake kipya. Kabla yake kulikuwa na hapsikodi, ambayo huukwanyua uzi kwa kipande cha unyoya: bonyeza kwa hasira, bonyeza kwa upole, sauti ni ileile. Cristofori aliweka nyundo mahali pa unyoya, na hapo akakutana na taabu ambayo wengi wangeishia. Nyundo ikisukumwa hadi kwenye uzi na kubaki imeugusa, huuziba usilie. Akabuni kifyatuo: kibonyezo huisukuma nyundo mpaka karibu kabisa na uzi, kisha huiachia. Kipande cha mwisho cha njia nyundo huruka peke yake, hupiga, hurudi. Piano zake tatu zipo hadi leo: ya 1720 iko New York katika jumba la makumbusho la Metropolitan, ya 1722 iko Roma, ya 1726 iko Leipzig.

Fikiria maana ya jambo hilo kwa kidole. Nyundo ikishaachiwa, mpigaji hana amri nayo tena. Akaze mkono, atikise kiwiko, afumbe macho kwa uchungu wa wimbo, uzi hautajua. Uzi hujua jambo moja tu, kwamba nyundo imefika kwa kasi gani. Kuinua kidole mapema au kuchelewa ni habari nyingine. Hiyo hukata sauti au huiacha idumu. Lakini ukali na upole wote tuliousikia kwenye piano kwa zaidi ya miaka 300 umepita kwenye mlango huo mwembamba wa kasi.

Wahandisi wa vinanda vya umeme walipokuja, waliusoma mlango huo vizuri. Chini ya kila kibonyezo waliweka viunganishi viwili, kimoja kikiigusa bodi mapema kidogo kuliko kingine. Saa iliyomo ndani hupima muda unaopita kati ya cha kwanza na cha pili. Muda ukiwa mfupi, kidole kimepiga kwa nguvu. Ukiwa mrefu, kimebembeleza. Basi. Wapo wanaouona huu kuwa ujanja wa bei rahisi, plastiki ikiiga mbao. Mimi naona ni heshima kubwa kwa Cristofori: wamekwenda palepale alipoiachia nyundo, wakapima kitu kilekile ambacho uzi ungekijua. Vinanda vizuri zaidi huongeza kiunganishi cha tatu, ili noti iweze kurudiwa kabla kibonyezo hakijapanda hadi juu. Fundi wa piano Sébastien Érard aliliwezesha jambo hilo kwenye piano mwaka 1821 kwa vipande vya mbao na springi, na ukiitazama kazi yake ilivyopangwa unaona subira ya mtu ambaye hakutaka kidole kisubiri.

Kisha kipimo hicho kilipewa lugha. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko California, kinanda cha Prophet-600 cha kampuni ya Sequential Circuits kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 cha Roland. Kampuni hizo zilikuwa zikishindana sokoni. Kimoja kilipigwa, kingine kikaitika. Hiyo ndiyo MIDI, kazi ambayo Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi wa Roland walitunukiwa Grammy ya ufundi mwaka 2013. Katika MIDI kila kibonyezo kina nambari, C ya katikati ikiwa 60, na kila mguso una nambari ya kasi kuanzia 1 hadi 127. Ndani yake hamna sauti. Ukirekodi kwa njia hiyo, kompyuta huhifadhi tendo la mkono: kibonyezo kipi, wakati gani, kwa kasi gani, kimeachwa lini. Kesho mwimbaji akilalamika kwamba piano inamfunika, unaweka sauti ya piano ya umeme ya Rhodes mahali pake na mkono ni uleule. Lakini kama ulikusudia 50, 58 na 66, na kinanda kikaandika 64, 64 na 110, hakuna sauti duniani itakayoponya hayo. Utakaa na mausi usiku kucha ukirekebisha noti mojamoja, na mwishowe utasikia kazi ya mausi.

Yamaha DX7 ilitoka mwaka huohuo wa 1983, na ndicho kinanda kilichonifundisha kuiheshimu kasi. John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa amegundua mwaka 1967 namna ya kuunda sauti kwa wimbi moja kulitikisa jingine, na Yamaha wakapata haki ya kuitumia. Kwenye DX7 kasi ya kidole haikuongeza tu ukubwa wa sauti. Iliweza kuibadilisha na rangi, ikang'aa zaidi kadiri unavyopiga. Ndiyo maana piano yake ya umeme, ile iliyotanda kwenye nyimbo za mapenzi za miaka ya 1980, bado inasikika ina uhai. Sauti haikuwa ya piano yoyote iliyowahi kuwepo, ila mkono ulikuwa wa mtu.

Sasa twende dukani. Iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, muuzaji hupenda kuwasha wimbo wa maonyesho uliomo ndani ya kinanda. Mshukuru, mwombe auzime. Kisha punguza sauti hadi sifuri na upige kinanda kikiwa bubu.

Unachosikia sasa ni mwili wake. Chumba cha nyumbani hakina kioo cha kuwatenganisha watu, na maikrofoni ya mwimbaji aliye hatua tatu kutoka kwako husikia kila kibonyezo kinapogota chini na kinaporudi juu. Kinanda kizuri hugota kwenye feliti nene, kwa mvumo mzito usio na ncha. Kibaya hugonga plastiki kwa plastiki, na mlio huo utaukuta katikati ya ubeti wa taratibu kuliko yote, mahali ambapo huwezi kuuficha nyuma ya ngoma. Piga noti moja haraka kwa vidole vinavyopokezana, uone kama kibonyezo kinawahi kurudi. Kishike pembeni ukitikise kushoto na kulia. Kucheza kidogo si vibaya; vibaya ni kimoja kucheza na jirani yake kukaza, maana mkono hujifunza kinanda kizima kama kitu kimoja na hauwezi kukumbuka tabia za vibonyezo 61 kila kimoja peke yake.

Halafu bonyeza kule ndani, karibu na ukuta wa kinanda, mahali ambapo vidole huingia unapopiga kodi zenye vibonyezo vyeusi vingi. Kibonyezo ni wenzo, na kila wenzo una egemeo. Kwenye piano kubwa egemeo liko mbali, ndani ya mwili wa chombo, kwa hiyo hata ukibonyeza nyuma mkono unakubaliwa. Kwenye vinanda vifupi egemeo liko palepale nyuma ya sehemu unayoiona, na ukibonyeza karibu nalo ni sawa na kuusukuma mlango upande wa bawaba. Mpiga kinanda anayefuata sauti ya mwimbaji, ambaye leo anataka wimbo katika B na kesho katika D-flati, hukutana na ugumu huo kila siku. Wengi hukimbilia kitufe cha kuhamisha ufunguo na kuendelea kupiga katika C. Inafaa kanisani Jumapili asubuhi kwaya ikiwa imeshasimama. Kwa kurekodi, ambako una muda, ningependa mkono ujue njia zote kumi na mbili.

Baada ya hapo ndipo rudisha sauti. Chagua piano ya kawaida, si ile yenye mwangwi na vinanda vya nyuzi nyuma yake. Piga noti moja kwa upole mpaka iwe karibu kutolia, kisha jaribu kuirudia kwa upole huohuo mara nyingi. Kinanda ambacho hapo huruka, mara kimya mara kelele, kitakusumbua. Mtihani mkubwa unakuja mwisho: piga kodi ya noti nne kwa mkono mmoja, ile ya juu kabisa iimbe na tatu za chini zikae nyuma yake. Wapiga piano huchukua miaka kulijua hili, na vibonyezo vizuri humruhusu hata mwanafunzi kuanza kulisikia. Hapo ndipo huwa nawaheshimu sana watengenezaji, kwa sababu mnunuzi haoni walichofanya. Ameona taa na nembo. Wao wamehangaika na uzito wa vyuma vidogo ndani, unene wa feliti, umbali wa viunganishi.

Miji iliyolijua jambo hili ni michache. Hamamatsu, Japani, ndiko Torakusu Yamaha alikoitwa mwaka 1887 kutengeneza kinanda cha upepo cha shule moja kilichoharibika, akakifungua, akakielewa, akaanza kujenga vyake. Leo Yamaha, Kawai na Roland wote wana makao katika mji huo. Recanati, Italia, ndiko iliko Fatar, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1956, ambayo hutengeneza vibonyezo vinavyofungwa ndani ya vinanda vya majina mengine kabisa, Nord vya Sweden vikiwemo. Mtu anaweza kupiga kazi ya Recanati maisha yake yote asilijue jina la mji huo.

Nimesema mengi kuhusu nyundo, na hapa lazima niwatetee wapiga ogani. Ogani ya Hammond, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, haijali kasi ya kidole hata kidogo. Chini ya kila kibonyezo cha modeli yake ya B-3 kuna viunganishi tisa, vya kuchukua sauti kutoka kwa magurudumu 91 yanayozunguka ndani, na kwa kuwa vyote tisa havigusi kwa wakati mmoja, mwanzo wa noti huwa na mchomo mdogo. Laurens Hammond aliuona mchomo huo kuwa kasoro. Wanamuziki waliupenda mpaka leo watengenezaji wa programu huuiga kwa makusudi. Mpiga ogani huongeza na kupunguza sauti kwa mguu, hutelezesha kiganja juu ya vibonyezo, hurudia noti kwa kasi ambayo nyundo nzito hazitaiweza. Mtu wa namna hiyo ukimnunulia kinanda cha vibonyezo 88 vizito umemfunga mikono. Anahitaji vibonyezo vyepesi visivyo na mdomo mkali mbele, na tundu la pedali ya sauti nyuma ya kinanda. Tundu hilo watu hulisahau dukani.

Na mfano wangu wa bendi iliyorekodi nyumbani ni wa mpiga ogani. Mwaka 1967, katika nyumba iliyopakwa rangi ya waridi huko West Saugerties, jimbo la New York, wanamuziki ambao baadaye walijiita The Band walikuwa wakikutana na Bob Dylan kwenye chumba cha chini ya nyumba. Kuta zilikuwa za zege, sakafu ya saruji, na tanuri kubwa la chuma la kupashia nyumba joto lilikuwa humohumo. Mahali ambapo mhandisi yeyote wa sauti angepakataa. Zaidi ya nyimbo mia zilirekodiwa pale. Aliyekuwa akiendesha mashine ya kurekodia ni Garth Hudson, na huyohuyo ndiye aliyepiga ogani.

Hudson, Mkanada aliyesomea muziki wa Bach kabla ya kupiga roki, alipoombwa kujiunga na kundi hilo mwaka 1961 alitoa masharti mawili: alipwe dola 10 kwa wiki na kila mwenzake kama mwalimu wao wa muziki, na anunuliwe ogani ya Lowrey. Si Hammond, ambayo karibu kila mpiga ogani wa roki aliitaka. Lowrey. Ilikuwa na swichi ya mguu iliyoweza kuiteremsha sauti kidogo na kuirudisha, ikateleza kati ya noti namna ambayo ogani nyingine haikuweza. Sikiliza mwanzo wa wimbo wao "Chest Fever" wa mwaka 1968 utajua kwa nini hakulegeza sharti lake. Alikwishajua vidole vyake vinataka kusema nini, na alitafuta chombo ambacho kingekubali. Hakuanzia kwenye kile ambacho wengine walikuwa nacho. Hudson alifariki Januari 2025, akiwa na miaka 87, na katika watu wote waliowahi kurekodi kwenye chumba cha nyumbani ndiye ninayemwona kuwa mwalimu, kwa kuwa aliketi kwenye kinanda na kwenye mashine ya kurekodia kwa masikio yaleyale.

Kuna hoja moja inayonipinga, nami naipenda. Casio MT-40 ya mwaka 1981 ilikuwa kinanda kidogo cha nyumbani, vibonyezo vyake vyembamba, havijui kasi. Hiroko Okuda, msichana aliyetoka kuhitimu chuo cha muziki cha Kunitachi, ndiye aliyepewa kazi ya kutunga midundo yake. Mmoja kati ya hiyo, ule ulioitwa roki, ulifika Jamaika, na mwaka 1985 mwimbaji Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy wakaujengea "Under Mi Sleng Teng". Rege haikurudi tena ilikokuwa. Hakuna kidole kilichobembeleza chochote hapo. Lakini tazama muziki wenyewe ulihitaji nini: mdundo mmoja usiochoka, unaorudi sawasawa kila mara, na uzito wa besi. Okuda alikuwa ameuweka ufundi wake ndani ya mashine kabla haijatoka kiwandani. Kama bendi yako ni ya namna hiyo, na watayarishaji wengi wa singeli na bongo fleva wanafanya kazi zaidi kwa mpangilio wa kompyuta kuliko kwa mikono miwili juu ya kinanda, fedha zako ziende kwenye spika za kusikilizia na kinanda kidogo cha vibonyezo 25 kitatosha.

Kwa bendi ya watu wanaopiga pamoja, swali linalofuata ni upana. Piano ina vibonyezo 88, kutoka hezi 27.5 hadi 4,186. Kinanda cha 61 kwa kawaida huanzia kwenye C ya hezi 65 na kupanda oktava tano. Watu huona hasara hapo chini. Lakini uzi mzito wa gitaa la besi unalia hezi 41, na gitaa la kawaida huanza 82. Eneo linalokosekana kwenye kinanda kifupi ni nyumba ya mtu mwingine. Katika muziki wetu wa dansi, ambako gitaa la solo na la rizimu yanaongea na kujibizana tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, mpiga kinanda anayeteremsha mkono wa kushoto kwenye besi huharibu mazungumzo ya watu watatu kwa mpigo. Kazi yake ni katikati, kodi fupi zenye nafasi, mara nyingi noti tatu au mbili tu, akimwachia mpiga besi msingi.

Bendi isiyo na mpiga besi ni jambo jingine. The Doors hawakuwa naye jukwaani. Mpiga kinanda wao Ray Manzarek alipiga besi kwa mkono wa kushoto kwenye kinanda maalumu cha Fender Rhodes, na kwa mkono wa kulia akapiga ogani. Bendi za nyumbani mara nyingi hupungukiwa mtu huyohuyo, na hapo vibonyezo 76 au 88 vina maana, pamoja na uwezo wa kugawa kinanda sehemu mbili zenye sauti tofauti. Kumbuka pia kwamba kinanda cha vibonyezo 88 vyenye nyundo kwa kawaida hakina uzito chini ya kilo 11 hivi, na kwenye chumba cha kupanga, kitanda na kinanda vitabishana nafasi.

Taarabu inadai zaidi. Anayerekodi kikundi cha taarabu nyumbani hawezi kuchagua kinanda kwa vidole peke yake, kwa sababu maqam, yaani mfumo wa noti, ya Rast ikianzia C inataka E na B zilizo katikati ya ile ya kawaida na ile ya flati, na Bayati inayoanzia D inaitaka E hiyohiyo. Mpiga kanuni huinua au hushusha visahani vidogo vya chuma pembeni mwa nyuzi. Mpiga fidla husogeza kidole. Kibonyezo hakisogei. Yamaha na Korg wametengeneza vinanda kwa ajili ya soko la Waarabu, vyenye vitufe vya kushusha noti moja moja kwa senti 50, yaani nusu ya nusu toni, na vikundi vya taarabu ya kisasa vimeishi na vinanda vya jinsi hiyo kwa miaka mingi. Mpigaji mzuri hubadilisha vitufe hivyo kwa mkono wa kushoto katikati ya wimbo, kati ya ubeti na kiitikio, bila kuacha mdundo. Ni mojawapo ya mambo mazuri zaidi kuyatazama katika muziki wa pwani, na mara nyingi mtazamaji humtazama mwimbaji asiyaone.

Hapa MIDI niliyoisifu ina pengo. Nambari ya kibonyezo ni nambari nzima. E ni 64 iwe imeshushwa au haijashushwa. Ukirekodi MIDI peke yake kutoka kwenye kinanda kilichowekwa Rast, kisha ukachagua piano ya kompyuta, E itarudi kuwa ya Kizungu na wimbo utapotea. Kwa taarabu rekodi sauti yenyewe inayotoka kwenye kinanda, waya mbili, kushoto na kulia, na MIDI iwe kumbukumbu tu ya pembeni.

Matundu ya nyuma, basi. Vinanda vingi vya bei ya kati vina tundu la hedifoni peke yake. Linafaa kurekodia, ila spika za ndani hunyamaza na wenzako hawasikii mpaka uwape njia nyingine. Waya wa USB ni wa lazima. Kompyuta nayo huchelewesha: kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, akiba (buffer) ya sampuli 512 ni ucheleweshaji wa milisekunde 11.6 kwa upande mmoja tu. Sauti husafiri mita moja kwa milisekunde tatu hivi, kwa hiyo ni kama amplifaya yako iko mita nne kutoka ulipo. Mpiga ogani huvumilia. Mpiga piano huhisi nyundo imekuwa nzito, akalaumu vibonyezo visivyo na kosa. Punguza akiba hadi 128 kabla hujahukumu.

Wengi wetu tutanunua kilichotumika, na hapo tunaingia mikononi mwa fundi. Pwani, hewa ya chumvi na unyevu huvila viunganishi kwa miaka. Bara, vumbi hufanya kazi hiyohiyo. Kwa kuwa kasi hupimwa kwa viunganishi viwili, uchafu kwenye kimoja tu si lazima ukinyamazishe kibonyezo. Mara nyingi huvuruga kipimo cha muda, na noti moja ikapiga kelele kwa nguvu zote hata ukiigusa kwa upole. Mnunuzi hudhani kinanda kimekufa. Fundi anayejua hukigeuza kifudifudi juu ya blanketi, hufungua skrubu kwa mpangilio na kuzipanga kama zilivyotoka, kwa sababu urefu wake haulingani. Huinua vibonyezo, hubandua utepe wa mpira wenye vidonge vyeusi vya kaboni, hufuta bodi kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi, husubiri ikauke. Hapaki mafuta. Hakwangui kaboni, ingawa doa lingemshawishi. Akishaurudisha utepe hupitisha kidole polepole ili kila kitundu kikae mahali pake, maana ukikunjika mahali pamoja tu vibonyezo kumi vitapima vibaya. Kazi ya saa chache, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na uangalifu unaoingia humo.

Kabla hujamlipa muuzaji wa kinanda kilichotumika, njoo na kompyuta yako na waya. Fungua programu ya kurekodia, piga kila kibonyezo mara tatu, polepole, wastani, kwa nguvu, halafu soma nambari za kasi. Zikipanda kwa ngazi kutoka 30 hivi hadi zaidi ya 100, na majirani wakikaribiana, kichukue. Zikipanda sawasawa lakini zote ziko juu au zote ziko chini, hilo si tatizo la vibonyezo. Tafuta kwenye kinanda mpangilio wa uzito wa mguso, uuweke laini au mgumu kulingana na mkono wa atakayepiga, si wa aliyenunua, kisha pima tena. Zikiruka kwenye vibonyezo viwili vitatu, mwombe muuzaji apunguze gharama ya fundi kwenye bei. Zikiruka kinanda kizima, mrudishie, na upitie duka linalofuata.